Joginder Singh: Fundi wa Kericho Aliyechukua Volvo ya Mtumba Akashinda Safari Rally

Tangu WRC irudi Kenya 2021, kila mwaka wasee wa Nax hujazana Soysambu na Elmenteita kucheki dinga za mamilioni zikipasua vumbi. Lakini uliza mbogi yako nani alifanya hii kitu ikuwe dini hapa kwetu. Wengi watakwama. Jina ni Joginder Singh, na kama uko na gari ya zamani imezima injini, stori yake inakuhusu.

Joginder alizaliwa 1932 Kericho, ng'ambo tu ya Mau ukitoka Nakuru. Mzee wake alikuwa ametoka Punjab na alikuwa na gereji, kwa hivyo kijana alikulia na spana mkononi. Mwaka 1958 akapata kazi ya fundi wa doria kwenye chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Ukikwama barabarani, yeye ndiye anakuja kukuokoa. Hiyo kazi ilimfunza kitu moja: gari huharibikia wapi, na kwa nini.

Sasa cheki 1964. Kampuni kubwa za ng'ambo zilikuja Safari na pesa mob. Wamarekani walileta Mercury Comet 6, zote na injini ya V8. Zilizomaliza ni 2 pekee. Aliyeshinda ni Peter Hughes na Ford Cortina GT, injini ya 1500 tu. Volvo nao walileta PV544 zao, zikalemewa.

Hapo ndipo Joginder aliona form. Yeye na brathe yake Jaswant walichukua moja ya hizo Volvo, mtumba iliyochapwa na barabara zetu, wakaitengeneza wenyewe bila mafundi wa kiwanda. Pasaka ya 1965 wakaanza wakiwa namba 1, mbele ya kila mtu, na wakashinda. Hakuna Mhindi alikuwa ameshinda Safari kabla yake. Ile gari kiwanda kilikuwa kimeiacha ndiyo ilifika kwanza.

Na hakubahatisha. 1974 alirudi na Mitsubishi Lancer ya 1600, navigeta wake akiwa David Doig, akamwacha Björn Waldegård na Porsche 911 yake nafasi ya 2. 1976 akashinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote 3 za juu. Watu wakambandika jina Flying Sikh. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza mara 19. Hiyo 19 ndiyo namba ya kushika kichwani. Alifariki London mwaka 2013 akiwa na miaka 81.

Sasa turudi kwako. Uko na Mustang ya kitambo, ama 504 ya guka, na injini imeanza kula oili. Mtaani watakuambia toa hiyo kitu, weka injini ya Mjapani, maliza. Pole pole, buda.

Mwambie fundi apime kompresheni kwanza. Kama bloku haijapasuka na krankshafti iko sawa, silinda zinachongwa, unaweka pistoni, ringi na beringi mpya, na gari inabaki ile ile. Ni kazi ya subira, na spea za gari za zamani zinaweza kukusumbua kupata. Lakini thamani yake haipotei.

Kama bloku imepasuka vibaya, ama spea hazipatikani kabisa, hapo badilisha bila kujilaumu. Jua tu hununui injini pekee. Maunti, giaboksi, waya, radieta, vyote lazima vikubaliane nayo. Ukiongeza nguvu, breki za kitambo hazitatosha, na kwa mteremko wa Mau Summit hiyo si mchezo. Pia namba ya injini ikibadilika, logbook lazima ibadilishwe NTSA, la sivyo siku ya kuuza utajieleza sana.

Comet zilikuja na V8 na zikaachwa kwa matope. Joginder alichukua chuma iliyokataliwa, akaijua kila nati, akamaliza. Kwa hivyo kabla hujaita breakdown, jiulize: gari yako imekufa, ama hakuna mtu ameifungua vizuri bado?