Marehemu Shaaban bin Robert na Hazina ya Mashairi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu, katika kijitabu hiki cha ukumbusho tumeona vema kumtaja mtu ambaye wengi wetu tulimjua kwa mashairi yake kabla ya kuijua sura yake. Naye ni marehemu Shaaban bin Robert, malenga wa Tanga.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Jina la baba yake huwashangaza watu, lakini Shaaban alikuwa Mwislamu, na tungo zake zimejaa kumcha Mungu. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akaingia ukarani katika Idara ya Forodha. Ukarani ndio uliomlisha karibu umri wake wote, akihamishwa idara hii na ile. Mashairi aliyatunga katika saa zilizobaki.

Zamani hizo shairi lilikuwa mgeni wa siku moja. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa baraza la washairi: huyu akiuliza kwa beti, yule akijibu kwa beti. Watu wakiisha kusoma na kufurahi, karatasi ile hufungiwa karanga, na shairi likapotea pamoja na maganda yake. Shaaban hakuridhika na hali hiyo. Alikusanya tungo zake na kuzitia katika vitabu, na baada yake Diwani ya Shaaban ilitimia vitabu 14. Anayevitafuta kimoja kimoja mpaka akavipanga vyote rafuni huijua furaha ambayo mwenye fedha peke yake haijui.

Ndani ya vitabu hivyo mna maisha yake. Alipofiwa na mkewe Amina, alimlilia kwa shairi ambalo wajane wengi wamelipata kuwa faraja. Binti yake Mwanjaa alimwachia Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamwachia Utenzi wa Adili, urithi usiogawanywa kwa mizani. Vita vya 1939 hata 1945 alivisimulia katika utenzi wa beti 3,000. Lakini alifariki Juni 1962, na utenzi huo ulichapwa 1967. Mwenyewe hakuushika mkononi ukiwa kitabu. Umetufikia kwa sababu karatasi zake zilihifadhiwa.

Tena yuko ndugu yake, Yusuf Ulenge, ambaye Shaaban alimwandikia barua tangu 1931 hata 1958. Ndugu huyo alizitunza miaka mingi, na mwanzoni mwa karne hii zikatolewa kitabu. Kama angalizitupa, nani angalimlaumu? Barua ni karatasi tu. Lakini kwa subira yake tunamsikia leo malenga akizungumza na nduguye.

Hapa Buyenzi vitabu vya Shaaban vilitufikia kwa wasafiri wa Ziwa Tanganyika, vikapokewa mkono kwa mkono mpaka majalada yakachakaa. Nasi pia tulikuwa na malenga wetu. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na madaftari ya kaswida na mashairi aliyoyatunga mwenyewe, ndani ya sanduku la mbao. Alipofariki, hatukuuliza habari za sanduku lile. Tulipolifungua baada ya miaka, mchwa walikuwa wametutangulia. Kosa hilo ni letu sisi wanafunzi wake, na mimi ni mmoja wao.

Basi ndugu zangu, kila mwenye daftari la mzee wake nyumbani na alitoe juani, alifute vumbi, ainakili kila tungo kwa hati safi, na aandike jina la mtungaji na mwaka. Wala asingoje mtungaji afe ndipo amthamini.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban bin Robert, awarehemu na malenga wetu ambao tungo zao zimepotea, na atupe sisi mikono ya kuhifadhi. Amin.