Likasi: Mwenda wa Bayeke, mtunzi aliyepumzisha gitaa bila kuliacha

Mtunzi anayetegemea kalamu au gitaa peke yake kulisha jamaa anaogopa sana siku ambayo maneno hayaji. Kichwa kimechoka, lakini watoto wanangoja chakula na mwenye nyumba anadai kodi. Waandishi na waimbaji wengi wa Haut-Katanga wanaijua hofu hiyo. Maisha ya Mwenda Jean Bosco, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke, yanaonyesha njia moja ya kuishi nayo.

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, makao ya Bayeke, ambako Mwami Msiri alitawala katika karne ya 19. Mji mkubwa wa karibu ulikuwa Likasi, ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville. Ulikuwa mji wa shaba na wa kampuni ya Union Minière. Wafanyakazi walifika kutoka pande nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Ni kwa lugha hiyo Mwenda alitunga nyimbo zake nyingi.

Mwaka wa 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki, alimkuta Jadotville na kumrekodi. Wimbo wa Masanga ulimpa jina. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu: gumba lilishika besi, na kidole cha shahada kilitembeza wimbo wenyewe. Asiyemwona angedhani wapiga gitaa ni wawili. Santuri zake zilisambaa Afrika ya mashariki na ya kusini. Miaka kumi hivi baadaye, mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika noti zake moja kwa moja na kuzichapisha ili wengine wajifunze.

Jina kubwa huleta kazi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mwenda alikaa kwa muda Nairobi. Alikuwa na kipindi chake kwenye redio, na gitaa lake lilitumika kutangaza dawa ya Aspro. Vijana wengi wa Kenya walijifunza kupiga gitaa kwa kumsikiliza. Lakini redio haingoji mtu apate wazo: saa ya kipindi ikifika, lazima kuwe na kitu cha kupiga.

Mwenda hakubaki huko maisha yake yote. Alirudi Katanga, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi. Kwa nyakati tofauti alifanya kazi ya benki hapa Likasi, alifanya kazi Gécamines, aliongoza vikundi vya muziki, na akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Kwa hiyo chakula cha nyumbani hakikutegemea wimbo mpya wa kila mwezi.

Gitaa liliweza kupumzika, na kila lilipoitwa lilirudi. Mwaka wa 1969 alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mwaka wa 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri mpaka Katanga, wakati huo Shaba, ili ajifunze kwake. Mwaka wa 1982 Mwenda alipiga Ulaya. Mwaka wa 1988 aliingia studio huko Afrika Kusini na kurekodi tena nyimbo zake za zamani, ikiwemo Masanga. Miaka 36 ilikuwa imepita, na wimbo ulikuwa bado mzima mikononi mwake.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, mwaka wa 2019 lilieleza uchovu mkubwa wa kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kwamba hafanyi tena kazi yake vizuri. Chanzo chake ni mkazo wa kazi unaoendelea bila kushughulikiwa. Mtunzi anaweza kuzipata zote tatu huku bado akiipenda kazi yake.

Njia ya Mwenda ina gharama. Anayetoka benki jioni au anayesimamia hoteli ana saa chache za kutunga, na kazi mbili zinaweza kuchosha mara mbili. Kwa hiyo si lazima kila mwandishi aongeze kazi juu ya kazi. Jambo ambalo kijana anayeandika au kuimba leo Likasi anaweza kuchukua kwake ni hili: kutafuta njia ili sanaa isibebe peke yake mzigo wote wa nyumba, kukubali miezi bila kitu kipya, na kurudia kazi ya zamani bila aibu wakati kichwa kinapumzika.

Mwenda alikufa katika ajali ya gari huko Zambia mwezi wa Septemba 1990, miaka miwili tu baada ya kutoka studio.