Howard, karani aliyetaka ardhi ya mji iwe mali ya wakazi wote

MNAMO Mei 30, 1919, mzee wa miaka 69 alikwenda kwenye mnada wa mashamba katika jimbo la Hertfordshire, kaskazini mwa London, akiwa na nia ya kununua ardhi ya maelfu ya pauni ilhali yeye mwenyewe hakuwa na fedha. Arbuni aliyobeba ilikuwa ya kukopa kwa marafiki. Nyundo ya dalali ilipogongwa kwa mara ya mwisho, ilibainika kuwa hata arbuni hiyo haitoshi, ikabidi wakala aliyekuwa akitoa dau kwa niaba yake amkopeshe kiasi kilichopungua.

Mzee huyo aliitwa Ebenezer Howard. Wapangaji wa miji kote duniani humkumbuka kama mwasisi wa miji ya bustani, na kwa kiasi fulani sifa hiyo imemponza. Watu walilishika neno bustani wakaliacha neno mji. Walipanda miti kando ya barabara, wakajenga nyumba zenye nyua pana, wakadhani wamemfuata. Ilhali jambo lililomkosesha Howard usingizi halikuwa miti. Lilikuwa ardhi: ni nani anayeimiliki, na bei yake inapopanda kwa sababu watu wamehamia hapo, faida hiyo ni ya nani?

Swali hilo limewafukuza wapangaji wengi kutoka mitaa waliyoijenga kwa jasho lao. Aidha, lilifika hadi mjini Voi, kama itakavyoelezwa.

Howard alizaliwa jijini London mnamo Januari 29, 1850, mtoto wa mwenye duka la peremende na keki. Masomo yake yalikoma alipokuwa na umri wa miaka 15, akaajiriwa ukarani katika afisi za jiji. Alijifundisha hati mkato, na ujuzi huo ndio uliompa riziki kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Akiwa na miaka 21 alivuka bahari hadi Marekani pamoja na marafiki wawili. Wakati huo serikali ya nchi hiyo iliwagawia walowezi mashamba ya ekari 160, na Howard alipata lake Nebraska. Kijana huyo wa mjini, ambaye mikono yake ilizoea kalamu, hakufua dafu. Aliliacha shamba akaelekea Chicago, jiji lililokuwa limeteketea katika moto mkubwa wa Oktoba 1871. Kwa takriban miaka minne aliishi huko akiandika hati mkato na kulitazama jiji zima likijengwa upya.

Alirejea Uingereza mnamo 1876, akajiunga na waandishi wa taarifa rasmi za Bunge. Miaka mitatu baadaye alimwoa Eliza Ann Bills, wakajaliwa watoto wanne. Pesa hazikuwahi kumtosha. Kila alichopata alikitumia katika uvumbuzi, hasa mashine ya kupiga chapa aliyotaka iandike hati mkato, na ambayo aliendelea kuihangaikia hadi uzeeni bila kumletea utajiri.

Bunge ndilo lililokuwa chuo chake. Karani wa hati mkato hana ruhusa ya kusema, bali husikiliza, na Howard alisikiliza kwa miaka mingi. London ya wakati huo ilikuwa imefurika watu waliotoroka mashamba. Tume ya kifalme iliyochunguza makazi ya wafanyakazi mnamo 1884 na 1885 ilisimulia habari za familia nzima zilizosongamana katika chumba kimoja. Nyumba duni zilipobomolewa kupisha reli na barabara, waliofurushwa walijazana katika mtaa wa pili, na kodi ya huko ikapanda. Kila uboreshaji ulimfaidi mwenye ardhi kwanza.

Mengi kati ya mawazo ya Howard hayakuwa yake pekee, naye hakuficha jambo hilo. Kutoka kwa Henry George, Mmarekani aliyechapisha kitabu kuhusu maendeleo na umaskini mnamo 1879, alipata hoja kuwa thamani ya ardhi huundwa na jamii nzima. Kwa Thomas Spence, mwalimu wa Newcastle aliyehutubu mnamo 1775, alikuta pendekezo kwamba wakazi wa kila eneo waimiliki ardhi yao kwa pamoja na kodi yake igharimie mahitaji yao. Riwaya ya Edward Bellamy kuhusu jamii ya siku zijazo, iliyotoka mnamo 1888, ndiyo iliyomwasha moto.

Alichofanya Howard, na hapa ndipo ukarani ulipomsaidia, ni kupiga hesabu. Mnamo 1898, kwa mkopo wa pauni 50 kutoka kwa rafiki, alichapisha kitabu chake, ambacho toleo la 1902 lilikipa jina linalofahamika zaidi, Garden Cities of To-morrow. Ni kitabu kilichojaa tarakimu. Nunueni ekari 6,000 za mashamba, alipendekeza, kwa pauni 40 kila ekari, jumla pauni 240,000. Jengeni mji wa watu 30,000 kwenye ekari 1,000 katikati, na ekari zinazosalia ziachiwe wakulima. Ardhi yote iwekwe mikononi mwa wadhamini wanne waaminifu.

Kila mkazi angelipa kodi ya ardhi. Fedha hizo kwanza zingelipa riba ya waliokopesha, kisha zingepunguza deni lenyewe, na ziada ingegharimia barabara, shule, hata malipo ya wazee. Deni likiisha, kodi yote ingekuwa ya mji. Watu wakiongezeka na ardhi ikipanda thamani, anayetajirika ni mji wenyewe.

Mkazi wa Majengo, Mombasa, hatatatizika kuuelewa mpango huo. Katika mitaa ya zamani ya Pwani, mtu kujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, na kumlipa mwenye ardhi kodi kila mwezi, ni desturi ya miaka mingi. Nyumba ni mali moja, ardhi ni mali nyingine. Vilevile, Waislamu wa Pwani wanajua maana ya wakfu: mali isiyouzwa wala kurithiwa, ambayo pato lake hutumika kwa manufaa yaliyotajwa na mwenye kuitoa. Ni kana kwamba Howard aliyaunganisha mambo hayo mawili. Alitaka mwenye ardhi anayepokea kodi awe ni wakfu wa wakazi wenyewe.

Chama cha kueneza fikra zake kiliundwa mnamo 1899. Howard alizunguka nchi nzima akihutubu. Alikuwa mfupi, mwenye miwani na mavazi yaliyochakaa, lakini sauti yake ilikuwa nzito na watu walimwamini. Miongoni mwa waliovutiwa walikuwa wakili Ralph Neville, mtengenezaji sabuni William Lever na ukoo wa Cadbury wenye viwanda vya chokoleti.

Mnamo 1903 kampuni ilisajiliwa na kununua ekari 3,818 huko Letchworth, Hertfordshire, kwa takriban pauni 155,000. Ununuzi ulifanywa kimyakimya, kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa ya wamiliki wengi, na habari zikivuja bei ingepaa. Wasanifu Raymond Unwin na Barry Parker walikabidhiwa kazi ya kuuchora mji.

Hapo ndipo mpango wa Howard ulipotiwa dosari, tena na marafiki zake. Matajiri waliokuwa tayari kutoa fedha hawakutaka kuzikabidhi kwa wadhamini. Walitaka kampuni yenye hisa. Waliweka kikomo cha mgao wa faida kuwa asilimia 5 kwa mwaka, na ziada ikaahidiwa kuwa ya mji. Howard alitaka kodi ya ardhi ikaguliwe mara kwa mara kadiri thamani inavyopanda. Wakurugenzi walihofia wenye viwanda wangekimbia, wakatoa mikataba ya miaka 99 kwa kodi isiyobadilika. Howard alikubali. Aliona heri mji wenye kasoro kuliko kitabu kisicho na mji, na ni vigumu kumlaumu, ijapokuwa kasoro hizo mbili zilikuja kugharimu sana.

Tatizo lingine lilijitokeza mapema. Nyumba nzuri za Letchworth ziliwashinda vibarua. Mnamo 1905 yalifanyika maonyesho ya nyumba nafuu, ambapo wajenzi walishindana kujenga nyumba isiyozidi pauni 150. Zaidi ya nyumba 100 zilijengwa na watu wakamiminika kuzitazama. Hata hivyo, nyingi ziliishia kukaliwa na watu wa tabaka la kati, huku wafanyakazi wa mishahara midogo wakiendelea kulala vijiji jirani na kuja kazini kwa miguu au baiskeli. Ardhi ya pamoja hupunguza gharama ya kiwanja, lakini haipunguzi bei ya matofali.

Eliza, aliyemvumilia mumewe katika miaka yote ya uhitaji, alifariki mnamo 1904, kabla ya familia kuhamia mji huo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipomalizika, wafuasi wa Howard waliishawishi serikali ijenge miji mipya. Mwenyewe hakuwa na subira ya kungoja serikali. Ndipo alipokwenda kwenye mnada ule wa 1919 na kununua ekari 1,458 kwa takriban pauni 51,000, jambo lililowaacha wenzake na hasira na mshangao. Kampuni ya pili iliundwa mwaka uliofuata, na mji wa Welwyn Garden City ukaanza kujengwa. Howard alihamia huko. Alitunukiwa cheo cha Sir mnamo 1927, na akafariki Mei 1, 1928, bila kuacha mali ya kutajika.

Kufikia wakati huo jina la mji wa bustani lilikuwa limesambaa katika himaya yote ya Uingereza. Nairobi pia ilipata sehemu yake: mitaa yenye miti na nyua kubwa iliyotengwa kwa Wazungu, wakati Waafrika waliojenga jiji hilo wakibanwa kwenye vyumba vya Eastlands. Umiliki wa pamoja wa ardhi haukusafiri pamoja na miti hiyo.

Nchini Uingereza kwenyewe, kufuli iliyokosekana mnamo 1903 ilionekana baada ya zaidi ya nusu karne. Hisa za kampuni ya Letchworth zilikuwa bidhaa kama hisa nyingine zozote, na mnamo 1960 kampuni moja ya mali ilizinunua hadi ikaudhibiti mji. Wakazi waligundua kuwa ardhi waliyoambiwa ni yao ingeweza kuuzwa vipande vipande. Walipiga kelele hadi Bungeni, na sheria ya 1962 ikaihamisha ardhi hiyo kwa shirika la umma lililoanza kazi Januari 1963. Tangu 1995 imo chini ya wakfu, ambao hukusanya kodi za maduka, afisi na mashamba na kuzitumia mjini humo. Howard angeutambua mpango huo mara moja.

Nyumba za kuishi, kwa upande mwingine, nyingi zilikwisha kuponyoka. Sheria ya 1967 iliwapa wenye mikataba ya muda mrefu haki ya kununua ardhi iliyo chini ya nyumba zao, na tangu hapo bei ikafuata soko la London, ambako treni hufika kwa muda mfupi. Welwyn nako, serikali iliuchukua mji mnamo 1948, na thamani iliyopanda haikubaki mikononi mwa wakazi.

Waliojifunza kutokana na kasoro hizo walikuwa mbali. Mnamo 1969, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, wanaharakati wa haki za watu weusi pamoja na Robert Swann waliunda shirika la New Communities ili wakulima waliofukuzwa mashambani wapate ardhi isiyoweza kunyakuliwa tena. Howard alikuwa mmoja wa wale waliochota fikra kwao. Safari hii ardhi haikuwekwa katika kampuni ya hisa. Mjini Burlington, Vermont, wakfu wa aina hiyo ulianza mnamo 1984, na ukaongeza sharti ambalo Howard hakulifikiria: anayeuza nyumba hurudishiwa alichotoa pamoja na robo tu ya ongezeko la bei, ili mnunuzi wa pili naye aimudu.

Mapema katika miaka ya 1990 fikra hiyo ilifika Voi. Wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walikuwa wameishi miaka mingi kwenye ardhi isiyo yao, sehemu yake ikiwa mali ya shirika la reli. Mradi wa kuendeleza miji midogo, uliofadhiliwa na Ujerumani, uliwapa nafasi ya kuchagua baina ya hati miliki ya kila mtu na umiliki wa pamoja. Kwingineko nchini walikuwa wameona jinsi maskini anavyopewa hati leo na kesho ikawa mikononi mwa bwanyenye. Wakachagua umiliki wa pamoja.

Sheria za Kenya wakati huo hazikuwa na kifungu mahsusi cha mpango kama huo, hivyo mawakili walilazimika kuunganisha chama cha wakazi na bodi ya wadhamini chini ya sheria zilizokuwepo. Maafisa wengi waliendelea kupendelea hati za watu binafsi, na mfano huo haukuenea katika miji mingine. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu angeweza kujenga, kurithisha na hata kuuza nyumba yake, lakini ardhi iliyo chini yake haikuuzwa. Wala hapakuwa na hisa ambazo mgeni angeweza kuja kuzinunua.