Monsinyori de Forbin-Janson, Askofu wa Watoto

Monsinyori Charles de Forbin-Janson alizaliwa Paris mwaka 1785. Tangu ujana alitamani Misioni za China. Lakini mwaka 1824 aliwekwa Askofu wa Nancy, na mapinduzi ya 1830 yakamfukuza jimboni mwake. Habari za watoto wachanga waliotupwa huko China zilimchoma moyo. Mwaka 1843, akiisha kushauriana na Pauline Jaricot, alianzisha Utoto Mtakatifu: kila mtoto Mkristu aseme Salamu Maria moja kila siku, atoe sarafu ndogo moja kila mwezi. Mwaka 1844 akafariki, China hajaiona. Sala na sarafu za watoto zilifika pale ambapo miguu yake haikufika. Enyi watoto wa parokia yetu, msidharau sadaka yenu ndogo.