Chauncy Maples: Kutoka mpira wa chini ya paa London hadi Masasi na Newala

Wengi wanalijua jina lake kama jina la meli. MV Chauncy Maples, ile meli kongwe ya Ziwa Nyasa. Mwenye jina alikuwa mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Masasi na Newala tangu 1877 hadi 1886, akapoteza kijiji kizima mikononi mwake, kisha akaanza upya juu ya nyanda za Wamakonde.

Alizaliwa 17 Februari 1852, kaskazini mwa London, mtoto wa mwanasheria. Shule alisoma Charterhouse, wakati ikiwa bado katikati ya jiji.

Hapa wapenda soka wasikilize. Charterhouse ya zamani ilikuwa na korido ndefu ya mawe, nyembamba, yenye paa, na wanafunzi waliigeuza kiwanja. Chini mawe, pembeni kuta, magoli ni milango ya huku na huku. Krosi hakuna, na kubutua juu hakusaidii kitu. Mpira unaubana mguuni, unapita kwa chenga, ukishindwa mnasukumana rundo zima hadi mmoja achomoke nao. Ukianguka, umeangukia jiwe.

Wamarekani walipoanzisha ligi yao ya futiboli ya ukumbini mwaka 1987, msimu wa kwanza ulikuwa na timu 4 tu na watu waliona ni kitu kipya kabisa. Vijana wa Charterhouse walikuwa wameshapasuka magoti chini ya paa zaidi ya miaka 100 kabla. Na Oktoba 1863, kikao cha London kilichoanzisha FA, chama cha soka cha Uingereza, nahodha wa Charterhouse alikuwepo.

Maples akatoka hapo akaenda Oxford. Huko alikutana na William Percival Johnson, wakawa marafiki, na mwaka 1876 wote wawili wakajiunga na misheni ya UMCA iliyokuwa na makao Zanzibar. Kiongozi wao alikuwa Askofu Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili.

Steere alikuwa na tatizo kubwa mkononi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na misheni ikabaki na watu walioachiwa huru ambao kwao ni bara, wengi wao kuelekea Ziwa Nyasa. Warudishwe vipi? Mwishoni mwa 1876 akawachukua watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, wakapita Lindi wakapanda bara. Lengo lilikuwa ziwani. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri na ile milima ya mawe, wakaona inatosha. Wakabaki hapo hapo.

Maples aliwafuata 1877. Ana miaka 25.

Hebu fikiria hiyo timu. Watu wazima walioporwa utotoni, kila mmoja na kabila lake, wanaunganishwa na Kiswahili walichojifunza Unguja, wamewekwa katikati ya Wamakua na Wayao ambao hawawajui. Wanajenga nyumba, wanalima, wanaoana. Maples akaingia kwenye lugha: mwaka 1879 ukatoka mkusanyo wake wa Kimakua. Mwaka 1881 alivuka Ruvuma kwa miguu hadi nchi ya Wamakua upande wa Msumbiji, safari aliyoieleza baadaye mbele ya wanajiografia wa London.

Kuhusu mpira wenyewe, sifa kubwa iende Kiungani, shule ya misheni hiyo hiyo nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Vijana wa Kiungani walicheza soka na kriketi mapema sana kuliko wengi Afrika Mashariki, na walimu waliosoma pale ndio waliotumwa bara, Masasi na Newala zikiwemo. Kwa hiyo Ndanda FC ilipocheza msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2014/15, kusini haikuwa ngeni kwa kabumbu hata kidogo.

Turudi Masasi. Septemba 1882, mwezi mmoja hivi baada ya Steere kufariki Zanzibar, Wangoni kutoka upande wa Songea waliivamia Masasi. Hapo pwani na bara kusini waliitwa Magwangwara, na jina lenyewe lilitosha kutoa watu mbio. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakatekwa.

Wazia watu waliokombolewa utumwani wanatekwa tena, na safari hii wakiwa chini ya ulinzi wako. Mmisionari mwenzake, William Porter, alifunga safari hadi kwa Wangoni kujaribu kuwakomboa mateka. Maples yeye akabaki na waliosalia. Kuendelea kukaa Masasi ilikuwa hatari, maana wavamizi wangeweza kurudi wakati wowote.

Akawapandisha Newala, kwa mtawala Matola, Myao aliyekuwa na urafiki na misheni. Kule juu usalama ulikuwa afadhali. Shida ilikuwa maji: Newala imekaa ukingoni mwa nyanda za juu na chemchemi ziko chini bondeni, kwa hiyo unashuka kuteka kisha unapanda na mtungi kichwani. Wengine kati ya waliotoka Unguja walivunjika moyo wakarudi pwani. Siwalaumu.

Masasi ilikuja kufufuliwa, lakini Maples hakubaki kuila matunda. Mwaka 1886 alihamia Ziwa Nyasa, kisiwa cha Likoma, akakaa huko karibu miaka kumi. Tarehe 29 Juni 1895 aliwekwa wakfu London kuwa Askofu wa Likoma.

Uaskofu wake ulidumu miezi miwili na siku chache. Usiku wa 2 Septemba 1895, akiwa njiani kurudi Likoma, boti yake ya tanga ilizidiwa na mawimbi ziwani. Aliwaambia vijana wa boti wajiokoe, wasihangaike naye. Kanzu ikamlemea. Alizama pamoja na Joseph Williams, mfanyakazi mwenzake wa misheni, na akazikwa Nkhotakota. Alikuwa na miaka 43.

Meli yenye jina lake ilitengenezwa Glasgow mwaka 1899 ikasafirishwa vipande vipande, maelfu ya vipande, ikaunganishwa ziwani na kushushwa majini 1901. Boila peke yake ilikuwa na uzito wa tani 11, haibebeki. Ilivutwa nchi kavu kwa kamba na watu wapatao 450, maili chache kwa siku. Watu hao walikuwa Wangoni, wa upande wa Malawi.