Hiram Maxim: Fundi aliyeumizwa bega na bunduki, kisha akabadili vita

JINA la Hiram Stevens Maxim si geni kwa waliosoma historia ya ukoloni barani Afrika. Wengi wanamfahamu kama muundaji wa bombomu, silaha ambayo mwishoni mwa karne ya 19 iliwawezesha askari wachache kukabiliana na maelfu ya wapiganaji. Wasichokifahamu wengi ni kwamba safari ya silaha hiyo ilianzia kwenye bega lenye maumivu.

Maxim alizaliwa Februari 5, 1840 katika mji mdogo wa Sangerville, jimbo la Maine, nchini Marekani. Akiwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza ufundi kwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye alifanya kazi katika karakana ya mjomba wake huko Fitchburg, Massachusetts. Hakuwa na shahada yoyote, lakini mikono yake haikutulia. Mwaka 1866 alipata hataza ya chuma cha kukunjia nywele, kisha akaingia katika fani mpya ya umeme na kuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya taa mjini New York, akishindana na Thomas Edison.

Mwaka 1881 alikwenda Paris, Ufaransa, kwenye maonyesho ya umeme. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka uliofuata alikutana mjini Vienna na Mmarekani mwenzake, ambaye alimshauri aachane na umeme: kama anataka utajiri, awaundie watu wa Ulaya chombo cha kuwasaidia kuuana kwa urahisi zaidi. Ushauri huo, uliotolewa kama mzaha, aliuchukua kwa uzito. Alihamia London na kufungua karakana katika mtaa wa Hatton Garden.

Hapo ndipo alipokumbuka bega lake. Miaka ya nyuma, akiwa Marekani, alifyatua bunduki ya kijeshi aina ya Springfield na kuachwa na bega lililovilia damu. Sababu yake ni kanuni ya maumbile: baruti inapoisukuma risasi mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma, na anayeupokea msukumo huo ni mpigaji. Mafundi wengi walijaribu kuyapunguza maumivu hayo kwa kuongeza uzito wa bunduki, kupunguza baruti au kuweka kitu laini kwenye kitako.

Maxim alilitazama jambo hilo kwa upande mwingine. Alijiuliza kwa nini nguvu iwezayo kuumiza bega ipotee bure, wakati inaweza kufanya kazi ya mkono.

Mwaka 1883 aliichukua bunduki ya Winchester, ambayo kwa kawaida hupakiwa kwa kuvuta wenzo, akaiwekea kitakoni bamba lenye springi. Bunduki ilipofyatuliwa na kurudi nyuma, springi zilibonyea dhidi ya bega, na mwendo huo ukavuta vyuma vilivyotoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Mpigaji alibakiwa na kazi moja tu: kuvuta kifyatulio. Aidha, kwa kuwa springi huchukua muda kubonyea, msukumo haukufika begani kwa mpigo mmoja. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe zisiumize bega kama zile za kupakiwa kwa mkono zenye uzito uleule na risasi zilezile.

Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa fupi. Kufikia mwaka 1884 alikuwa ameunda bunduki ambayo mtutu wake wenyewe ulirudi nyuma, ukafungua chemba na kupakia, bila kukoma, risasi zipatazo 600 kwa dakika. Ilipozwa kwa maji na kulishwa kwa mkanda wa risasi. Bega la mpigaji halikuhusika tena, kwa kuwa silaha hiyo iliwekwa juu ya miguu yake yenyewe.

Afrika ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuiona. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita Zanzibar kuchukua wapagazi wa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, akiwa na bunduki moja ya Maxim. Mwaka 1893 silaha hiyo iliwaangamiza wapiganaji wa Kindebele, na Septemba 2, 1898, huko Omdurman, Sudan, ilisaidiana na mizinga kuua Wasudani wapatao 10,000, huku upande wa Waingereza ukipoteza watu wasiozidi 50.

Katika Tanganyika, Agosti 30, 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliivamia boma ya Mahenge wakiamini kwamba dawa ingezigeuza risasi kuwa maji. Walikutana na bombomu za Wajerumani, wakaanguka kwa mamia.

Maxim mwenyewe alizidi kutukuzwa. Mwaka 1894 aliunda ndege kubwa ya mvuke, yenye uzito wa zaidi ya tani tatu, iliyonyanyuka kidogo kwenye reli zake huko Kent kabla ya kuharibika. Alichukua uraia wa Uingereza, na mwaka 1901 akapewa cheo cha Sir. Lakini alipobuni chombo cha kuvutia mvuke wa dawa kwa ajili ya ugonjwa wa kifua uliomsumbua, baadhi ya watu walimcheka na kumwona tapeli. Alilalamika kwamba dunia ilimheshimu kwa kuua, ikamdharau kwa kutaka kuponya.

Milio ya bunduki ilimwachia uziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata mwaka 1909 hataza ya kizuia sauti cha bunduki, chombo ambacho pia hupunguza msukumo begani.

Sir Hiram alifariki dunia mjini London Novemba 24, 1916, akiwa na umri wa miaka 76. Siku sita kabla, mapigano ya Somme yalikuwa yamemalizika nchini Ufaransa. Katika siku ya kwanza pekee ya mapigano hayo, Julai 1, Waingereza 19,240 walipoteza maisha, wengi wao kwa risasi za bombomu ambazo Wajerumani waliziunda kwa kufuata uvumbuzi wake. Silaha iliyotumika kuwatiisha Waafrika ilikuwa imefika nyumbani kwa walioipeleka.