Hans Geiger: Mtu Aliyeipa Mionzi Sauti

Katika shule za sekondari za Isiolo, kama kwingineko nchini Kenya, mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha nne hutakiwa kueleza jinsi mrija wa Geiger na Müller unavyofanya kazi. Aghalabu huuchora vizuri na kupata alama zake, wala asijue kwamba Geiger alikuwa mtu. Yafaa basi tumkumbuke.

Hans Geiger alizaliwa tarehe 30 Septemba 1882 mjini Neustadt, Ujerumani. Baba yake, Wilhelm, alikuwa mtaalamu wa lugha, bingwa wa Kipali na Kisinhala. Mwana alishika njia nyingine. Mwaka 1906 alipata shahada ya udaktari wa fizikia huko Erlangen, kisha akaenda Manchester, Uingereza, alikofanya kazi chini ya Ernest Rutherford.

Mwaka 1908 wawili hao waliunda chombo cha kuhesabu chembe za alfa kwa umeme. Chombo hicho kilikuwa bado kichanga. Kwa hiyo, mwaka 1909, Geiger na mwanafunzi Ernest Marsden walipozirusha chembe hizo kwenye bati jembamba la dhahabu, walilazimika kukaa gizani na kuhesabu kwa macho vimulimuli vya nuru, kimoja baada ya kingine. Chache zilirudi nyuma. Kutokana na hesabu hiyo, Rutherford alitambua mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini.

Geiger hakuisahau adha ya giza lile. Mwaka 1928, akiwa profesa mjini Kiel, yeye na mwanafunzi wake Walther Müller walikamilisha mrija tunaoujua. Ndani yake mna gesi kidogo na waya wenye umeme mkali. Mionzi ikipita, hubandua elektroni kutoka kwenye atomu za gesi; elektroni hizo hubandua nyingine, na umeme hupita ghafla. Chombo hualika: tak, tak. Kisichoonekana kikasikika.

Maisha yake hayakuwa meupe yote. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza kama mwanajeshi wa mizinga, na katika ile ya Pili alishiriki utafiti wa urani wa Ujerumani. Alifariki mjini Potsdam tarehe 24 Septemba 1945, wiki 7 tu baada ya bomu la Hiroshima.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa Isiolo? Kwa miaka mingi, jirani zetu wa Kargi na jangwa la Chalbi, huko Marsabit, wamelalamikia taka wanazosema ziliachwa na watafutaji mafuta katika miaka ya 1980, wakizihusisha na saratani. Madai mazito kama hayo hayamalizwi kwa uvumi, wala kwa kukanusha tu. Humalizwa kwa vipimo vilivyofanywa hadharani na kuelezwa kwa lugha ambayo mchungaji ataielewa. Mrija wa Geiger hujibu sehemu moja tu ya swali hilo, ile ya mionzi. Sumu za majini zina vipimo vyake.

Mwalimu mwenzangu, unapofundisha somo hili, usiishie kwenye mchoro. Mwanafunzi aliyekariri mrija atafaulu mtihani. Aliyeuelewa ataweza kuwasaidia watu wake kuuliza swali linalostahili, na kulidai jibu lake.